Ndoo Arobaini na Mshtakiwa Mmoja

"Baba Siwatu, nauliza swali moja na nataka jibu moja. Mstari wa kumi na nne umemwandika nani?"

"Nimeshakwambia, nilikuwa na haraka. Dirisha lilikuwa linafungwa."

"Sikuuliza habari za dirisha. Nauliza jina."

"Punguza sauti basi, mtoto anasikia."

"Asikie! Si jina lake?"

Hemedi Makungu akakosa pa kutazama, akaitazama ndoo. Mkewe, Mwajabu, alikuwa amesimama na nakala ya njano ya fomu mkononi.

Mstari wa kumi na nne ulisema: "Jina kamili la Mshtakiwa wa Akiba." Na mbele yake, kwa mwandiko wa kupendeza wa mtu anayeishi kwa kuchora mabango ya maduka, Hemedi alikuwa ameandika: Siwatu Hemedi Makungu, miaka kumi, mwanafunzi.

Wasomaji wa nchi nyingine watamwona Hemedi mjinga. Hakuwa mjinga. Katika nchi ile fomu hazisomwi kwanza, hujazwa kwanza. Serikali ilipogawa vyandarua, waliosoma fomu mpaka mwisho walikuta vyandarua vimekwisha. Ilipogawa mablanketi, mambo yakawa yaleyale. Watu wakajifunza: ukiona mstari mtupu, tia jina la mtoto wako mdogo kuliko wote, maana mtoto hupewa hata pale mtu mzima anaponyimwa. Ilikuwa desturi nzuri, na kila nyumba ilikuwa na vyandarua vya kutosha.

"Nilijua ni vyandarua," alisema Hemedi kwa sauti ndogo.

"Bodi ya Bahati imeanza kugawa vyandarua lini?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Kwa kusoma, Baba Siwatu. Kwa kusoma!"

*

Mambo yenyewe yalianzia bombani.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba arobaini na bomba moja. Bomba lilifunguka saa kumi na mbili asubuhi na kujifunga pale lilipojisikia. Kwa hiyo kila siku ya Mungu watu walipigana. Bi Tabu wa nyumba ya saba aling'olewa jino kwa mfuniko wa ndoo. Mwalimu wa madrasa, mtu mpole asiyeua hata sisimizi, alimwaga ndoo ya mjane, akaomba radhi mbele ya watu, na kesho yake akaimwaga tena.

Mwajabu alikuwa na stashahada ya ugavi na alitunza stoo ya shule ya wasichana. Mtu wa namna hiyo akiona foleni mbaya hulala vibaya. Akajifunza kwenye simu, akatengeneza ukurasa mdogo wa mtandaoni, akauita Zamu ya Bomba. Kila jioni nyumba huingiza namba ya ndoo yake, na alfajiri ukurasa huchagua wenyewe, kwa kubahatisha, nani awe wa kwanza na nani awe wa arobaini. Hakuna aliyelipa wala aliyelipwa. Kwa miezi mitano mtaani hapakung'oka jino.

Kisha ikaja barua. "Hongera kwa kugunduliwa," ilianza.

Ieleweke kwamba katika nchi ile bahati yote, iwe angani, ardhini au mtandaoni, ni mali ya Taifa. Sheria ilipitishwa mwaka uleule ambao Mheshimiwa Mlezi wa Bahati alifungwa karata na shemeji yake mara nne mfululizo. Tangu hapo Bodi ya Bahati ya Taifa ndiyo inayosimamia michezo yote ya kubahatisha. Barua ilieleza kwa upole kwamba ndoo ni dau, maji ni zawadi, na Mwajabu ni mwendeshaji wa tovuti ya kubahatisha ambaye hajasajiliwa. Alipewa siku saba. Asipojisajili angehesabiwa mlanguzi wa bahati. Adhabu ya mlanguzi haikutajwa; iliachwa nafasi nyeupe tu, ndefu kuliko barua yenyewe.

Mwajabu alitaka kuufuta ukurasa siku ileile. Barua ilikuwa imeliona hilo mapema: kufunga tovuti kunahitaji leseni ya kufunga, na leseni ya kufunga hupewa waendeshaji waliosajiliwa tu.

Siku ya sita shuleni palikuwa na ukaguzi wa stoo. Akamtuma mumewe akajaze fomu. Mumewe akarudi na nakala ya njano, amefurahi kwa kuwahi dirisha.

*

Mtu pekee waliyemjua mwenye leseni ya Bodi alikuwa Bwana Ngwali wa mtaa wa pili, ambaye ukurasa wake ulikuwa wa kutabiri mechi. Mwajabu alikwenda bila hata kubadili kanga. Alimkuta Ngwali barazani akimenya chungwa, na pembeni yake shemeji yake, Tindwa, amesimama karibu na kiti kitupu.

"Karibu, Mama Siwatu. Kaa."

"Nimekaa. Niambie Mshtakiwa wa Akiba ni kitu gani."

Kisu cha Ngwali kikasimama katikati ya ganda. "Umemwandika nani?"

"Nijibu kwanza."

Ngwali alitazama barabarani, kulia na kushoto, halafu akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Ni utaratibu wa busara sana. Serikali inawapenda wawekezaji, haitaki kuwatisha. Lakini inapenda pia ionekane inadhibiti, na udhibiti usiokuwa na mtu kizimbani nani atauamini? Basi kila mwendeshaji anakwenda na mshtakiwa wake mwenyewe. Leseni ikipigwa muhuri, mshtakiwa anachukuliwa, ili leseni ianze na mfano mzuri. Siku tisini katika Nyumba ya Mfano."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa linatafutwa baadaye. Wana kitengo."

Mwajabu akamgeukia Tindwa. Alimfahamu tangu zamani. Alikuwa fundi baiskeli mwenye kelele, mtu wa kuwatania wasichana wa shule mpaka wanacheka njia nzima, na akifunga gurudumu lazima aimbe. "Tindwa, mbona umesimama kama mlingoti? Kaa, kaka."

Tindwa hakukaa. Alimtazama Ngwali, akautazama mlango, akamtazama tena Ngwali.

"Kaa, shemeji," alisema Ngwali taratibu.

"Ahsante, afande," alisema Tindwa, akakaa.

Ngwali alilikamata lile chungwa kana kwamba lingekimbia.

"Ana miezi minane tangu arudi," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Bado anaomba ruhusa ya kukalia kiti chake. Hawakumpiga, nimemkagua, hana hata kovu. Nikimuuliza walimfanya nini, anasema chakula kilikuwa kizuri."

"Chakula kilikuwa kizuri," alisema Tindwa.

"Mimi nilimwandika kwa sababu alikuwa mwenye kelele. Nikasema, huyu hata wakimchukua, hawatamweza." Ngwali akafuta mikono kwenye suruali. "Haya, nimekujibu. Wewe umemwandika nani?"

Mwajabu alisimama, akaaga kwa kichwa, akaondoka. Alipofika kwenye kona alijikuta anakimbia, mama mtu mzima, mchana kweupe.

*

Asubuhi yake, saa mbili, walikuwa Makao Makuu ya Bodi wote watatu, kwa kuwa anayeomba sahihisho lazima aende na mtu wa mstari unaosahihishwa. Siwatu alivaa viatu vya shule na soksi nyeupe. Alikuwa na furaha. Siku hiyo darasani palikuwa na jaribio la hesabu.

Mlangoni waligawiwa namba za foleni, moja, mbili, tatu, bila kubahatisha hata kidogo. Bango lilieleza kwamba bahati ni ghali mno kutumiwa ofisini. Juu ya ukuta kipaza sauti kilikuwa kikirudia hotuba ya Mheshimiwa Mlezi wa Bahati:

"Ndugu wananchi! Zamani kila mtu alijiokotea bahati kama kuni za porini! Huyu anaamka nayo, yule hana! Huo ulikuwa ushenzi! Leo bahati yetu iko salama. Imefungiwa, ina mlinzi, na asiyekuwa nayo anajua kabisa mahali ilipo!"

Foleni ikapiga makofi. Mwajabu naye akapiga, kwa sababu aliona vidude vyeusi vya kuhesabia makofi ukutani, kimoja juu ya kila kichwa. Hemedi alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu.

Dirisha la Masahihisho lilikuwa na afisa kijana, beji yake imeandikwa Mlekwa. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wangu amekosea kujaza fomu."

"Hakuna aliyewahi kukosea hapa, mama. Wapo tu waliobadilisha mawazo."

"Basi nimebadilisha mawazo. Mtoe huyu mtoto kwenye mstari wa kumi na nne."

"Nikimtoa ataingia nani? Mstari mtupu unahesabiwa kuwa ni dharau."

"Niandike mimi," alisema Hemedi. Alisogea mbele kwa haraka hata paji la uso likagonga kioo. Mtu huyu aliogopa mbwa, radi na wakaguzi wa mabango, na alikuwa akiogopa wakati ule, lakini alisogea. "Mimi ndiye niliyeandika. Niandike mimi."

Mlekwa alifunua ukurasa wa pili. "Baba, wewe umetia sahihi hapa kama shahidi. Shahidi hawezi kuwa mshtakiwa katika jambo hilohilo. Haki itakuwa haijatendeka."

"Basi futeni ushahidi wangu."

"Ukifutwa, fomu haina shahidi. Fomu isiyo na shahidi ni ulanguzi."

"Ana miaka kumi!" Mwajabu alisema.

"Kanuni haina habari na miaka, mama. Inataka mtu wa nyumba ya mwendeshaji, mwenye uwezo wa kusimama." Mlekwa akachungulia chini ya dirisha. "Anasimama?"

Siwatu, mtoto aliyefundishwa adabu, akajinyoosha wima.

"Vizuri sana," alisema Mlekwa bila kumtazama tena, akagonga kengele ndogo.

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka fundi seremala, mzee mwenye penseli sikioni na futi ya chuma mkononi. Akamwamkia kila mtu vizuri, akapiga goti mbele ya Siwatu.

"Unasoma darasa la ngapi, mjukuu wangu?"

"La nne."

"Hongera. Usiinue visigino." Akampima kutoka kisigino mpaka kidevu, akaandika namba kwenye kipande cha mbao. Kisha akamgeukia Mwajabu, kama fundi cherehani anavyomgeukia mteja. "Kizimba chetu ni cha watu wazima. Huyu nitamtengenezea kibao cha kusimamia, la sivyo picha zitaonyesha nywele tu. Usiwe na wasiwasi, nitakipiga msasa vizuri. Sipendi mtoto achomwe na kijiti."

"Mama," alinong'ona Siwatu, "ni sare mpya?"

Mwajabu alimvuta binti yake karibu. Alikuwa akitazama ule mlango ambao fundi aliuacha wazi. Ndani palikuwa na benchi refu, na mbele ya benchi watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, washtakiwa wa akiba wa leseni za wiki ile. Benchi lilikuwa tupu. Hakuna askari, hakuna kamba, hakuna bango la kukataza. Walikuwa wamesimama tu.

Hawajaanza hata siku ya kwanza, aliwaza Mwajabu. Wameshaanza kujifunza.

*

King'ora kikasikika kwa mbali.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Muhuri," alisema Mlekwa, akivuta makaratasi karibu. "Unakuja na gari lake. Saa nne kamili unagonga orodha, na orodha ikishagongwa hata Mheshimiwa mwenyewe haibadilishi. Mama, nenda kampe mtoto maji anywe."

Mwajabu alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Akamfikiria binamu yake Mwanahamisi, ambaye alihamia kwao mwezi mzima mwaka jana na kula vichwa vyote vya samaki. Huyo naye si aliwahi kuwa wa nyumba hiyo? Akaona aibu. Akamfikiria tena. King'ora kikakaribia. Akaiacha aibu na akamwacha binamu, akafanya kile alichokuwa akikifanya stoo kila hesabu inapokataa: akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

"Kijana. Mwendeshaji anaweza kuchukuliwa?"

"Mwendeshaji?" Mlekwa alishtuka kwelikweli. "Mama, mwendeshaji ni mwekezaji! Sheria inasema asiguswe, asikemewe, wala asisubirishwe juani."

"Umri wake unatakiwa uwe miaka mingapi?"

Akafunua kitabu. "Haukutajwa. Imeandikwa uwekezaji hauna umri."

"Na mwendeshaji, mtu wa mstari wa kwanza, anaweza kubadilishana nafasi na mtu wa mstari wa kumi na nne?"

Mlekwa alitazama kile kidude cheusi juu ya kichwa chake, akasubiri kipaza sauti kifike kwenye makofi, na makofi yalipoanza akafunua kurasa mbili za mwisho zilizokuwa zimegandana, akizitenganisha kwa ukucha. "Kifungu cha mia na tatu," alisema ndani ya makofi. "Kinaruhusu. Kimebaki humu kwa sababu hakuna mwendeshaji aliyewahi kukiomba."

"Ninakiomba."

"Mama, unajua unachoomba?"

"Jana nimemwona mmoja aliyerudi. Lete wino."

Hemedi alikuwa amekwisha kuelewa. "Mwajabu," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Siwatu azaliwe.

"Nyamaza, Baba Siwatu. Wewe ni shahidi. Shuhudia." Akazamisha dole gumba kwenye wino mpaka kwenye kiungo, kama mtu anayetaka isije ikasemwa baadaye kwamba haikuonekana vizuri, na akaligandamiza kwenye mstari wa kumi na nne. Alama ikatoka na ukungu pembeni. Kisha akamshika Siwatu mkono, akalichovya dole lake dogo, akaligandamiza kwenye mstari wa kwanza. "Hapa, mwanangu. Usiogope, si sare. Umepandishwa cheo."

Mlekwa akagonga "Imepokelewa." Sekunde ileile lango likafunguliwa, na gari jeusi lililobeba muhuri likaingia na pikipiki nne.

Mambo yakabadilika kwa kasi ya ajabu. Maafisa wote wa madirisha walisimama. "Mheshimiwa Mwekezaji!" Kiti chenye mto kikaletwa, Siwatu akaketishwa, miguu ikining'inia. Soda ikafunguliwa. Mtu mmoja akamfunulia mwavuli humohumo ndani, kwa kuwa mwekezaji hasubirishwi juani na dirisha lilikuwa upande wa mashariki. Mkuu wa Kitengo cha Mapokezi akatoa hotuba, akisema Taifa linajivunia vijana wanaothubutu, akauliza Mheshimiwa ana maono gani kuhusu sekta ya kubahatisha.

"Mama anakwenda wapi?" aliuliza Siwatu.

"Mheshimiwa ameuliza swali zito," alisema Mkuu wa Kitengo, na watu wakapiga makofi.

Mwajabu aliinama mbele ya kile kiti, akamfunga binti yake kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Aliifunga mara mbili, ili apate muda.

"Nisikilize, sitarudia. Ninakwenda kazini, siku tisini. Ukurasa wa bomba sasa ni wako. Mtu akikuomba awe wa kwanza kila siku, ukatae, awe nani awaye."

"Hata mwalimu wa madrasa?"

"Hata yeye."

"Hata baba?"

"Hasa baba. Na fomu yoyote itakayoingia nyumbani, unaisoma wewe kwanza, kwa sauti, mpaka mwisho, hata kama vyandarua vitakwisha. Umenisikia?"

"Nimesikia." Akashika ncha ya kanga ya mama yake. "Mama, utarudi vilevile?"

Mwajabu hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata kuhusu sindano. "Nitajitahidi," alisema. Akampa Hemedi mkoba, simu na funguo za stoo ya shule, na Hemedi akavipokea vyote kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika, akishuhudia.

Fundi seremala alikuwa akisubiri mlangoni. Akainua futi yake, akampima kutoka kisigino mpaka kidevu, akalowesha kidole kwa mate na kufuta ile namba ya kwanza kwenye mbao.

"Huyu hahitaji kibao," alisema, akampisha.

Mwajabu akaingia. Wale kumi na wawili walimgeukia, wakautazama mlango, wakamtazama tena. Akawasalimia, akatembea mpaka kwenye benchi, akapangusa vumbi kwa kanga. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akakaa.